Jinsi ya Kupima Uwezo wa Uzalishaji na Kupanga Kazi katika Biashara Ndogo ya Kuoka Nyumbani

Mwokaji wa nyumbani akiulizwa anaweza kutoa mikate mingapi kwa siku, jambo la kwanza analofanya ni kuitazama oveni yake. Nami nilifanya hivyohivyo. Oveni yangu, iliyochomelewa na fundi hapa Mtwara mjini na inayotumia gesi, inabeba makopo 12 ya mkate wa nusu kilo, na kila mkupuo huchukua dakika 40 ukijumlisha kuingiza na kutoa. Desemba moja, mama aliyekuwa akiandaa sherehe ya kutoa wali, yaani wasichana wanaotoka unyagoni, aliniagiza mikate 120. Niligawanya saa saba za kazi kwa dakika 40, nikapata mikupuo 10, nikaona hesabu imekaa sawa, nikapokea malipo ya awali.

Nilikanda mikupuo minne mfululizo huku mpwa wangu akikata na kuviringa madonge. Mkupuo wa kwanza ulitoka vizuri. Wa nne, ulipopata nafasi ya kuingia motoni, ulikuwa umekaa karibu mara mbili ya muda wake: madonge yamepanda hadi kuvuka ukingo wa makopo, yananuka kama pombe, na nilipoligusa moja kwa kidole lilinywea papo hapo kama puto lililotobolewa. Mikate ilitoka imebonyea katikati na ina uchachu. Sherehe ilipata mikate pungufu, nami nilirudisha sehemu ya fedha.

Kosa halikuwa la oveni wala la hamira. Nilikuwa nimepima chombo kimoja nikadhani nimepima kazi nzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima kazi nzima, na takwimu nitakazotumia ni za jikoni kwangu. Zako zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuzipata ni hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: anza na mkupuo mmoja unaoujua kwa gramu

Huwezi kupima uwezo ikiwa leo unakanda kwa kikombe na kesho kwa kukisia. Chagua bidhaa unayoiuza zaidi, kisha weka kipimo chake kwenye mizani. Mkate hupoteza maji unapookwa, kwa kawaida zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo ili upate mkate wa gramu 500 ni lazima donge liwe na takriban gramu 570. Makopo 12 yanahitaji gramu 6,840 za donge. Mkupuo wangu una kilo 4 za unga wa ngano, lita 2.32 za maji, gramu 320 za sukari, gramu 160 za majarini, gramu 72 za chumvi na gramu 48 za hamira kavu ya chenga, na jumla yake ni gramu 6,920. Zile gramu 80 zinazobaki huishia mikononi, mezani na kwenye beseni.

Ikiwa unakanda kwa tui la nazi badala ya maji, kama wengi wetu tunavyofanya hasa kwa skonzi, andika pia muda wa kukuna na kukamua. Nazi mbili kwenye mbuzi si kazi ya kupuuzwa, na nimeona waokaji wakiziacha nje ya hesabu kwa sababu tu hukunwa na mtoto wa nyumbani.

Hatua ya pili: chora njia ya mkate

Chukua karatasi, chora umbo la jiko lako na ua wako, kisha weka alama mahali ulipo unga, mizani, maji, meza, oveni na sehemu ya kupozea. Sasa fuata mkupuo mmoja kwa penseli tangu unga unapochotwa hadi mkate unapofungwa, ukichora mstari kila unapohama. Karatasi yangu ya kwanza ilionekana kama wavu wa mvuvi. Unga ulikuwa chumbani, mizani kwenye kabati la sebuleni ili watoto wasiichezee, maji kwenye dumu nje ya mlango wa nyuma, na oveni chini ya kibanda cha mabati uani. Kwa mkupuo mmoja niliingia sebuleni mara sita. Kuhamishia mizani na ndoo ya unga kando ya meza ya kukandia hakukunigharimu hata shilingi.

Hatua ya tatu: pima muda kwa saa, kwa siku tatu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Weka daftari na simu yenye saa jikoni, na kila kazi inapoanza na inapokwisha andika dakika. Usiandike muda unaoudhani. Fanya hivyo kwa siku tatu za kawaida, zikiwemo siku ambayo mgeni anapiga hodi na siku ambayo umeme unakatika, kwa sababu hizo nazo ni siku za kazi.

Unapoandika, tenganisha aina tatu za muda, kwa kuwa kuzichanganya ndiko kunakopotosha hesabu. Kuna muda wa mikono, ambao mtu hawezi kufanya jambo jingine. Kuna muda wa chombo, ambao oveni au mashine imeshikwa lakini mtu yuko huru. Na kuna muda wa kungoja, ambao donge linaumuka au mkate unapoa bila kumshughulisha mtu wala oveni.

Kwangu mkupuo mmoja ulitoa picha hii: kupima viungo dakika 15, kukanda kwa mkono 25, kuumuka mara ya kwanza 50, kukata na kuviringa 20, kuumuka ndani ya makopo 40, kuoka 35 na kuingiza na kutoa 5, kupoa kuanzia 90, kisha kufunga na kubandika lebo dakika moja na nusu kwa kila mkate, yaani dakika 18.

Jumlisha muda wa mikono peke yake: 15, 25, 20, 5 na 18 ni dakika 83. Oveni inashikwa kwa dakika 40. Hapo ndipo nilipoona nilichokosea Desemba ile.

Hatua ya nne: tafuta hatua inayobana

Kwa kila mfanyakazi na kila chombo, gawanya dakika ulizonazo kwa siku kwa dakika ambazo mkupuo mmoja unazichukua kwake. Kwa saa saba, yaani dakika 420, oveni inaweza kupokea mikupuo 10. Mtu mmoja, kwa dakika 83 kila mkupuo, anaweza kuhudumia mikupuo mitano tu. Uwezo wa biashara ni ile namba iliyo ndogo: mikupuo mitano, mikate 60. Mikate 120 ilihitaji takriban saa 14 za mikono, nami nilikuwa na mikono yangu na ya mpwa wangu aliyekuja kusaidia baada ya shule.

Zingatia pia kwamba oveni haianzi kazi pamoja na wewe. Tangu unapoanza kukanda hadi mkupuo wa kwanza unapoingia motoni ni dakika 135, saa mbili na robo, na katika muda huo wote oveni inakaa tupu hata kama mikono haijapumzika. Kwa hiyo hata ningekuwa na watu wa kutosha, mikupuo 10 isingemalizika kwa saa saba. Ingechukua karibu saa tisa.

Hatua inayobana ikishajulikana, maswali mengi hujijibu yenyewe. Mwokaji anayefanya kazi peke yake na anayefikiria kukopa ili anunue oveni ya pili anapaswa kuiona hesabu hii kwanza, kwa sababu oveni yake ya kwanza bado inamsubiri yeye. Mashine ya kukandia, ikimpunguzia dakika 25 hadi 5, ingemshusha kutoka dakika 83 hadi 63 na kumpandisha kutoka mikupuo mitano hadi sita. Ni nafuu kubwa kwa mabega, lakini ni mikate 12 tu ya ziada. Msaidizi mmoja aliyefundishwa vizuri, kwa upande mwingine, anazigawa dakika 83 kuwa 41 na nusu kwa kila mtu, na hapo mikono na oveni zinakaribiana sana. Ni katika hali hiyo tu, watu wawili wakiwa na kazi tele na wateja wakiwa bado wanarudishwa, ndipo oveni ya pili inapoanza kuwa na maana.

Hatua ya tano: pishanisha mikupuo, kwa maana hamira haingoji

Katika kazi nyingi za mikono, bidhaa iliyokaa kwenye foleni haiharibiki. Gauni lililokatwa litamsubiri fundi cherehani hadi kesho. Donge halisubiri. Joto la pwani yetu ya kusini linaiharakisha hamira, na mchana wa Novemba au Desemba chini ya mabati, dakika 15 za kuchelewa zinaonekana kwa macho.

Tazama kilichotokea kwangu. Nilipokanda mfululizo, kila baada ya dakika 25 mkupuo mpya ulianza safari yake, ilhali oveni ilipokea mkupuo kila baada ya dakika 40. Tofauti ni dakika 15, na tofauti hiyo hurundikana: mkupuo wa pili ulingoja dakika 15 zaidi, wa tatu 30, wa nne 45. Hakuna ustadi wa kukanda unaoweza kuokoa donge lililopitiliza kwa dakika 45.

Dawa yake ni kuanza kila mkupuo kwa nafasi iliyopangwa. Kwanza ondoa upimaji katika muda wa kuoka: pima viungo vikavu vya mikupuo yote asubuhi, kila mkupuo ndani ya ndoo yake yenye mfuniko, na hamira iwe kwenye kikopo chake pembeni. Ondoa pia ufungaji, nitaueleza baadaye. Kinachobaki kwa mikono ni kukanda 25, kuviringa 20 na kuhudumia oveni 5, jumla dakika 50. Basi anza mkupuo mpya kila baada ya dakika 50, ambazo ni nyingi kuliko 40 za oveni, na hakuna donge litakalokuta mlango umefungwa.

Ratiba yangu ya mchana ni hii. Saa 8:00 nakanda wa kwanza hadi 8:25. Saa 8:50 nakanda wa pili, na unapokwisha saa 9:15, wa kwanza umeumuka na unangoja kuviringwa. Saa 9:40 nakanda wa tatu. Saa 10:05 naviringa wa pili, na katikati ya kazi hiyo, saa 10:15, natua kisu kwa dakika mbili ili niingize wa kwanza motoni. Saa 10:30 nakanda wa nne, nikikatisha saa 10:50 kuutoa ule wa kwanza. Mkupuo wa nne unatoka saa 1:20 usiku. Nikiongeza wa tano, unatoka saa 2:10. Kukanda na kuviringa vinapokezana bila kugongana, na dakika tano zinazobaki katika kila mzunguko ndizo za kuhudumia oveni. Kunywa maji au kuswali alasiri huchelewesha mambo kidogo tu.

Andika ratiba ya namna hii kwenye karatasi kubwa na uibandike ukutani penye mwanga. Usiitegemee kichwani, ukishachoka, kichwa hudanganya.

Joto likizidi ratiba, usikimbizane nalo kwa mikono. Tumia maji ya jokofu kukandia, hifadhi unga mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na punguza hamira kidogo kidogo hadi kuumuka kurudi kwenye dakika ulizopanga. Lengo ni donge lifuate saa yako.

Hatua ya sita: panga kazi kwa kurudi nyuma kutoka kwa mteja

Maduka ya mitaani na mama lishe wa karibu na stendi wanataka mkate kabla ya saa 12 asubuhi. Ukitaka kuuoka alfajiri hiyohiyo, hata kwa mkupuo mmoja tu utalazimika kuamka takriban saa saba usiku. Kuoka jioni na kufunga alfajiri ni bora zaidi, na kuna sababu nyingine iliyo muhimu kuliko usingizi. Mkate ukifungwa ungali na uvuguvugu, mvuke wake hugeuka matone ndani ya mfuko, na kwa unyevunyevu wa hewa yetu, hasa kati ya Desemba na Aprili wakati wa mvua, ukungu hujitokeza upesi. Mkate unapaswa kupoa juu ya waya unaopitisha hewa chini na juu, umefunikwa kwa kitambaa safi chepesi. Waya huo usipotosha, nao ni hatua inayobana: mimi nilikuwa na nafasi ya mikate 24 wakati naoka 48, na mikate ya mwisho ilikuwa ikipozwa juu ya meza, ikiwa na vitako vilivyolowa.

Mwezi wa Ramadhani hugeuza kila kitu. Mahitaji huhamia kwenye futari, kwa hiyo mkupuo wa mwisho lazima uwe umepoa kufikia saa 10 jioni, na kazi huanza asubuhi. Msimu wa korosho nao, fedha za minada zinapoanza kuingia mifukoni kuanzia mwishoni mwa mwaka, huleta maagizo ya keki za harusi kwa wingi. Tazama kalenda mapema na uandae ratiba mbili au tatu, usingoje agizo likufikie.

Hatua ya saba: linganisha bidhaa kwa dakika

Mwokaji huona keki inaleta fedha nyingi kuliko mkate, akaipa nafasi yote. Pengine yuko sahihi, pengine la. Chukua kinachobaki baada ya viungo, gesi na kifungashio, kisha ukigawanye kwa dakika za ile hatua inayobana.

Tuseme, kwa mfano tu, mkate mmoja unakuachia shilingi 400. Mkupuo wa 12 unaacha 4,800. Tuseme keki ya kupambwa inakuachia 6,000, na oveni inaoka mbili kwa dakika 60. Hizo ni 12,000. Kwa kila dakika ya oveni, mkate unaleta shilingi 120 na keki 200, na keki inashinda kwa mbali. Lakini ikiwa kinachobana ni mikono, hesabu hubadilika: mkate unachukua dakika 83 na kuleta takriban shilingi 58 kwa dakika, ilhali keki mbili zinazochanganywa kwa dakika 30, kuhudumiwa oveni kwa 5 na kupambwa kwa dakika 90 kila moja zinachukua dakika 215, na kuleta shilingi 56. Zimelingana. Keki isiyopambwa, ya kulia chai, ingezishinda zote mbili, nami nimeshangaa jinsi tunavyoidharau.

Hatua ya nane: toa hasara kabla ya kutoa ahadi

Kwa wiki mbili, andika kila mkate ambao haukuuzika na sababu yake: umeungua, umebonyea, umekuwa mdogo, umevunjika njiani kwenye bodaboda kuelekea Mikindani. Ikiwa katika 60 mitatu haifai, uwezo wako halisi ni 57. Punguza tena kidogo kwa ajili ya siku ya kukatika umeme, ya kuuguliwa na mtoto, na ya gesi kuisha. Uwezo wangu wa hesabu ni mikate 60. Ninaoahidi wateja ni 50.

Kuhusu gesi, hakuna haja ya kuotea kwa kutikisa mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Pima mtungi kabla na baada ya mikupuo miwili, utajua gramu za kila mkupuo, na kila asubuhi utajua imebaki mikupuo mingapi. Anayetumia oveni ya umeme asome uniti kwenye mita ya LUKU kwa utaratibu huohuo.

Ukifika mahali pa kutaka kusambaza madukani kwa wingi, tembelea ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kwa ushauri wa mashine na mafunzo, na ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kuhusu usajili, kwa kuwa tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yamehamia TBS. Nenda na daftari lako la muda. Mazungumzo kuhusu mashine ya ukubwa gani yatakuwa mafupi zaidi.

Hatua ya tisa: pima upya hali ya hewa inapobadilika

Julai iliyofuata nilishangaa kuona ratiba iliyonyooka kwa miezi inavurugika tena. Upepo wa kusi ulikuwa umepoza jiko, na kuumuka kwa mara ya kwanza kulikuwa kumetoka dakika 50 hadi 70. Dakika 20 hizo zilisogeza uviringaji wa mkupuo wa kwanza hadi ukagongana na ukandaji wa mkupuo wa tatu, na nikajikuta na mabeseni mawili yanayoniita kwa wakati mmoja. Sikubadilisha ratiba. Nilianza kukandia maji ya uvuguvugu, nikahamisha mabeseni kutoka dirishani hadi kona iliyo karibu na oveni, na baada ya siku nne za kujaribu kuumuka kulirudi kwenye dakika 50. Kwenye karatasi ya ukutani sasa kuna mstari wa kalamu nyekundu: Juni hadi Agosti, maji ya uvuguvugu, Novemba hadi Machi, maji ya jokofu.